Fahali Hakatai

Jua lilikuwa linazama Nukta alipotumwa kwa fundi kuchukua vazi. Kazi ndogo tu. Nenda, chukua, rudi, kesho uanze. Meneja wa duka la aiskrimu alimwambia hivyo huku akiandika ujumbe kwenye simu, hata macho hakuinua.

Nukta halikuwa jina lake. Alipewa shuleni kwa sababu ya ufupi. Alipoacha shule kidato cha pili ili amtunze bibi yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jina hilo lilimfuata mpaka mtaani kama paka aliyezoea kulishwa. Alizunguka miezi minane akitafuta kazi. Kila mahali walimtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu, wakamwambia arudi akishakua. Duka la aiskrimu ndilo la kwanza lililofurahia ufupi wake.

Fundi cherehani alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba chake kilijaa vipande vya vitambaa hadi mtu akatafuta pa kukanyaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fahali mpya?"

Nukta akacheka. "Ndiyo mimi."

"Msichana?"

"Wanasema vazi hili lilikatwa kwa kipimo cha mtu mfupi, na lile la ng'ombe jike kwa kipimo cha mtu mrefu. Kwa hiyo mimi ndiye dume, na kaka mmoja mrefu ndiye jike. Meneja anasema nguo haiulizi jinsia, inauliza urefu."

Fundi hakucheka. Alilitandaza vazi juu ya meza. Manyoya ya kahawia, kifua cheupe, kwato za sponji, na kichwa kikubwa chenye pembe mbili na pete ya plastiki puani. Kisha akaligeuza. Mgongoni, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, palikuwa na mshono mpya, mrefu kama kovu la operesheni.

"Lilichanika vibaya," Nukta alisema.

"Halikuchanika." Fundi alipitisha kidole juu ya mshono. "Kitambaa kikichanika, nyuzi zinatoka ovyo. Hiki kilikatwa. Kwa mkasi. Na aliyekata alikuwa na haraka. Ona hapa alivyoruka."

"Alikuwa anakata nini?"

"Mimi nashona tu, mwanangu."

Alimfungia vazi kwenye gunia. Nukta alikuwa ameshafika mlangoni alipomsikia akisema kwa sauti ya chini, kama anaongea na cherehani yake.

"Zipu ilikuwa nzima."

"Unasemaje, mama?"

"Nasema zipu ilikuwa nzima. Haina kasoro. Mtu anayekata nguo yenye zipu nzima... anatoa kitu ambacho hakiwezi kujitoa chenyewe."

Nukta alitembea na gunia mgongoni, pembe zikimchoma begani. Lilinuka sabuni. Na chini ya sabuni palikuwa na harufu nyingine, kali, ya dawa ya kuchua, ile ambayo watu wazima hujipaka magoti. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, kichwa kilimgonga mgongoni.

Alipokanyaga kwa mguu wa kulia, hakikugonga.

*

Duka lilikuwa chini kabisa, kwenye jengo la maduka la ghorofa tatu, karibu na ngazi za umeme. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na nyuma ya stoo korido ndefu iliyokwenda mpaka mlango wa kutolea taka. Kwenye ukuta wa stoo palibandikwa karatasi yenye masharti matatu ya kazi. *Usiseme. Usivue kichwa mbele ya mtoto. Mtoto akikuuliza chochote, itikia kwa kichwa.*

"Sharti la tatu ndilo kubwa," Meneja alimwambia. "Mtoto akisema, unapenda aiskrimu? Unaitikia. Akisema, wewe ni rafiki yangu? Unaitikia. Hata akisema wewe ni shangazi yake, unaitikia. Fahali hakatai. Mtoto aliyekataliwa analia, na mtoto anayelia hanunui."

Mwenzake aliitwa Mnara. Alikuwa mrefu mpaka akiingia stoo anainama kama anayesalimia wakwe. Baba wa watoto wanne, mwenye ndevu. Lakini ikifika saa tisa mchana alikuwa Mama Maziwa, mwenye kope ndefu, aproni ya maua na chuchu nne za sponji ambazo watoto walizivuta bila huruma.

"Mdogo wangu," alisema siku ya kwanza, akijifunga aproni, "nimenyonyesha mtaa huu mzima. Mke wangu anasema nikirudi nyumbani nisaidie na wa kwetu."

Nukta alicheka mpaka akakaa chini. Alimpenda mara moja, kama kaka.

Kisha akaanza kuona mambo.

Mnara hakugusa kichwa cha fahali. Kilipowekwa kwenye benchi, alipitia upande mwingine. Kilipotazama upande wake, alitafuta sababu ya kutoka. Walipokuwa nje wakicheza mbele ya watoto, Mama Maziwa alikaa kulia kwa fahali daima, na Nukta akisogea kulia, Mnara aliruka kwa madaha ya kike ili azunguke tena. Watu walicheka wakidhani ni mchezo.

Siku ya tatu Nukta alimwuliza.

"Kaka, nani alikuwa fahali kabla yangu?"

Mnara alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilisimama hewani.

"Jamaa mmoja."

"Aliacha kazi?"

"Ndiyo... aliacha."

"Kwa nini vazi lilikatwa mgongoni?"

"Panya," Mnara alisema. Kisha akatoka, na chai ikabaki inafuka moshi juu ya benchi.

Panya wenye mkasi, Nukta aliwaza.

*

Ndani ya fahali kuna joto kama la chumba cha kuokea mikate. Unaona kupitia wavu mdogo mdomoni, na unaona kipande tu cha dunia. Viatu, mikono midogo, vikombe vya aiskrimu. Ndiyo maana Nukta alimjua yule mtoto kwa viatu kwanza. Viatu vya njano, vya plastiki, kimoja kikiwa kimeshonwa kisigino.

Alikuwa msichana wa miaka sita hivi. Mama yake alipiga deki ghorofa ya juu, na mtoto alimsubiri chini kila jioni mpaka zamu iishe. Watoto wengine walirukaruka, huyu hakuruka. Alisimama kando, akimtazama fahali kwa makini, kama mtu anayesoma barua ndefu.

Siku ya nne akasogea. Akaweka mdomo karibu na wavu.

"Baba," akanong'ona. "Ni wewe?"

Nukta alikuwa amechoka, jasho linamwingia machoni. Alifanya alivyofundishwa.

Aliitikia.

"Umerudi safari?"

Aliitikia.

"Ulisema utakuja kunichukua. Utanichukua lini? Kesho?"

Hapo Nukta alisita. Alitaka kusimamisha shingo, akaisimamisha kabisa, kwa nguvu...

Kichwa kikaitikia.

Alikisikia kikishuka. Kidevu cha sponji kikagusa kifua, kikatulia hapo kidogo. Kisha kikainuka polepole, bila yeye kukiinua. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa ndani mpaka macho yakamwasha.

Mtoto alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na pengo mbele. Akageuka, akakimbia na viatu vyake vya njano kuelekea ngazi.

Nukta alipotazama pembeni, Mama Maziwa alikuwa ameacha kucheza. Alisimama wima katikati ya watoto, kope zake ndefu zimeelekea kwa fahali.

*

Jioni hiyo Nukta alirudi nyumbani mwanga ukiwa umebaki kidogo. Bibi yake alikuwa amekaa barazani, anachambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena. Siku zote alimjua mjukuu wake kwa hatua. Nukta akiwa bado uchochoroni, Bibi alishaita, njoo unipokee ungo huu.

Leo hakuita.

Nukta alifika mpaka mbele yake. Bibi aliacha kuchambua. Akavuta kanga yake, akafunika mabega vizuri, kama anavyofanya mbele ya mgeni wa kiume.

"Karibu, baba," Bibi alisema kwa adabu. "Mwenye nyumba hajarudi."

Nukta alisimama. Alitazama miguu yake. Kwenye vumbi nyuma yake palikuwa na nyayo za mguu wa kulia, na kando yake mstari mrefu. Mstari wa mguu wa kushoto unaoburutwa.

"Bibi... ni mimi."

Bibi alishtuka, mchele ukamwagika. "Wewe? Mbona unatembea kama mwanamume aliyebeba gunia? Na nani anakohoa?"

"Sijakohoa, Bibi."

"Mtu amekohoa."

Mchele ulikuwa umetapakaa sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuokota.

*

Kesho yake alikwenda kazini mapema na shaka yake yote ilikuwa juu ya Mnara. Aliipanga njiani kama mtu anayepanga hesabu. Nani alikwepa kugusa kichwa? Mnara. Nani alidanganya kuhusu panya? Mnara. Nani aliacha kucheza mtoto alipozungumza? Mtu huyo kalitia vazi kitu. Labda anataka kumweka ndugu yake kwenye nafasi hii. Watu wamerogana kwa vidogo kuliko hivyo.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Nukta akasikia mnong'ono.

Akachungulia.

Mnara alikuwa amepiga magoti mbele ya kichwa cha fahali. Amekigusa kwa mkono mmoja, kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayepima uji kama bado ni wa moto.

"...mwache," alikuwa anasema. "Nakuomba, ndugu yangu. Mwache mtoto. Deni ni langu..."

Nukta akausukuma mlango. "Unaongea na nani?"

Mnara alisimama ghafla, akagonga kichwa kwenye rafu. Siku nyingine wangecheka.

"Nilikuwa naomba tu."

"Unaomba kwa ng'ombe?"

"Mdogo wangu, nisikilize. Leo usivae. Sema unaumwa."

"Ili wewe umlete nani?"

"Usivae, nakwambia!"

"Umetia nini humu?" Nukta naye alipaza sauti. "Bibi yangu amenikaribisha kwangu kama mgeni! Umenitia nini?"

Mnara alifungua mdomo. Meneja akaingia na kuuliza kama hapa ni dukani au sokoni, kuna kundi la watoto ishirini na tano linakuja na walimu wao saa tisa, na asiyetaka kazi aseme sasa hivi. Alikuwa anamtazama Nukta.

Nukta alifikiria unga uliobaki nyumbani. Alifikiria miezi minane.

Akavaa.

Kundi lilipita salama. Saa kumi, saa kumi na moja. Mnara alicheza vibaya, mara kwa mara akitazama ngazi. Nukta aliamua jambo moja moyoni. Yule mtoto akija, atamkataa. Atatikisa kichwa, aache alie, Meneja aseme atakalo.

Mwanga wa milangoni ulianza kuwa wa rangi ya chungwa. Watu wakapungua.

Viatu vya njano vikatokea kwenye wavu.

Mtoto alikuwa amebeba begi. Ndani yake ilichungulia nguo ya kulalia na mswaki.

"Nimejiandaa, baba," akasema. "Mama hajui."

Nukta alitikisa kichwa. Kwa nguvu zote za shingo yake alitikisa kulia na kushoto.

Ndani, shingo yake ilitikisika.

Nje, fahali akaitikia.

Kwato ya fahali ikanyooka. Mkono mdogo ukaingia ndani yake. Na mguu wa kulia ukapiga hatua, mguu wa kushoto ukaburutika nyuma... shhh... ukafika... hatua... shhh...

Hakuwa anatembea yeye. Alikuwa anabebwa, kama abiria. Wakapita kando ya kaunta. Muuzaji wa aiskrimu aliwatazama, akatabasamu, akapunga mkono. Nani atamzuia mtoto aliyeshikwa mkono na fahali wa dukani? Wakaingia stoo. Wakaingia korido.

Korido ile ilikwenda mahali pamoja tu. Mlango wa kutolea taka, na nje ya mlango, bila hata ukingo, barabara ya malori.

Nukta alitaka kupiga kelele. Kikatoka kikohozi. Kizito, cha mwanamume mwenye kifua kibovu.

"Bado una kifua, baba?" mtoto akauliza kwa huruma.

Hatua... shhh... hatua... shhh...

Alijaribu kuvua kichwa. Mikono haikumsikia. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na kupitia wavu aliona taa za lori zikipita, moja, ya pili, ardhi ikitetemeka. Mtoto alikuwa anaimba kidogo kidogo.

"Kaka!"

Sauti ilitoka nyuma. Mtu anakimbia, vitu vya sponji vinapigapiga ukutani. Fahali hakusimama.

"Kaka, si wewe uliyeitikia!"

Mguu wa kulia ukabaki hewani.

"Siku ile si wewe!" Mnara alikuwa analia. Alikuwa amevua kichwa cha Mama Maziwa na kukitupa, mbele ya mtoto, kinyume cha masharti yote. "Wewe hukumwahidi. Ni mimi! Ni mkono wangu, kaka! Huna deni na mtoto. Deni ni langu!"

Ndani ya kichwa cha fahali kukawa kimya. Nukta alisikia pumzi mbili. Yake, ya haraka. Na nyingine, ya polepole, sikioni kabisa, kama mtu anayefikiri.

Mwenye nyumba hajarudi, Bibi alisema.

"Nimerudi," Nukta akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Nimerudi. Mimi si baba yako, mtoto. Mimi ni msichana." Na akataja jina lake, lile la kweli, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, kama alivyokuwa akiitwa asubuhi darasani mwalimu akisoma orodha. "Nipo!" akamalizia, kama darasani.

Kwato ikafunguka. Mkono mdogo ukaanguka.

Lori likapita mbele ya mlango, likapiga honi ndefu.

Mtoto alimtazama fahali. Kisha akamtazama yule mwanamume mwenye ndevu na aproni ya maua, aliyekaa sakafuni analia. Akaanza kulia naye. Na Nukta, akiwa ameng'oa kichwa hatimaye, uso umemlowa, akamkumbatia kwa mikono yake mwenyewe.

*

Mnara alimsimulia yote humo stoo, mtoto alipokwisha kurudishwa kwa mama yake.

Fahali wa kwanza alikuwa rafiki yake. Mfupi, mchekeshaji, mguu mmoja ulikuwa umeumia ajalini. Miezi mitatu iliyopita, siku ya joto kali, alisema kifua kinambana. Wakamwekea kiti, akakaa nje na vazi lake, watoto wapige naye picha akiwa ameketi. Foleni ilikuwa ndefu.

"Kichwa kikaangukia kifuani," Mnara alisema. "Nikadhani amesinzia. Meneja ananitolea macho, watoto wanauliza maswali, naye haitikii. Nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto. Nikatia mkono chini ya manyoya ya shingo. Kila mtoto akiuliza... nakiangusha kichwa, nakiinua. Nakiangusha, nakiinua."

"Muda gani?"



"Wa mwisho alikuwa binti yake. Akapanda magotini. Akasema, baba, utakuja kunichukua? Na mimi..." Alitazama mkono wake. "Baadaye ndipo nikahisi shingo ilivyokuwa baridi. Tukamvuta huku nyuma. Zipu ilikuwepo, sikuiona. Nikachukua mkasi."

Wakamtoa kwa mlango wa taka, wateja wasione. Mama wa mtoto alimwambia binti yake kuwa baba amesafiri.

"Kwa hiyo hukuniroga," Nukta alisema.

"Mimi? Mdogo wangu, mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe."

Ndivyo alivyosema. Na Nukta alitaka kumwamini. Lakini alikumbuka kwamba siku nne nzima mtu huyu alimwona akiingia ndani ya vazi lile kila mchana, akajua lina nini, akanyamaza, akacheza upande wa kulia.

Fundi alilikatakata vazi la fahali vipande vipande na kuvichoma nyuma ya nyumba yake. Alisema manyoya ya plastiki hunuka vibaya yakiungua, ila hayo yalinuka dawa ya kuchua. Mnara aliacha kazi kesho yake, hata kwaheri hakuaga. Meneja, ambaye hakutaka maneno mengi, akamweka Nukta kwenye kaunta, akamkabidhi na ufunguo wa stoo. Vazi la Mama Maziwa lilitundikwa humo kwenye msumari, bila mtu wa kulivaa. Bibi alianza tena kumwita Nukta akiwa bado uchochoroni.

Siku nne zikapita hivyo, nzuri.

Ya tano, jioni, mama wa mtoto alikuja kaunta kuaga. Alikuwa mwembamba, mikono imebabuka kwa sabuni. Alisema wanahamia kwa mama yake, mbali, basi linaondoka asubuhi. Alimwambia mwanawe ukweli, sasa analala vizuri. Alishukuru mara mbili. Nukta akamchotea mtoto aiskrimu, akazunguka kaunta, akachuchumaa ili walingane. Hakuhitaji kuchuchumaa sana.

"Utanikumbuka?" akamwuliza.

"Ndiyo, dada." Mtoto alilamba aiskrimu, akafikiri. Kisha akasogea, akanong'ona mama yake asisikie. "Nilikuwa naogopa baba hatapajua tunakohamia. Sasa siogopi. Nimemwuliza Mama Maziwa."

"Ulimwuliza... zamani? Siku zile?"

"Hapana. Sasa hivi. Pale mlangoni." Akaonyesha kwa kijiko kuelekea stoo.

Nukta akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwemo. Tangu asubuhi hakuwa ameifungua stoo.

"Akasemaje?" akauliza.

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. Si anajua kwamba ng'ombe hawasemi? Hakujibu kwa mdomo. Aliangusha kidevu mpaka kifuani, akakiacha hapo kidogo, kimelegea... kisha akakiinua polepole sana, kama kinachoinuliwa na mkono wa mtu mwingine, kutoka nyuma.